Shangazi Felicitas na Malori Yaliyokataliwa

Shangazi yangu Felicitas hakuwa mtu wa kutulia. Akija kwetu Kagoma kwa Pasaka alikula amesimama, sahani mkononi, akitembea kati ya mlango wa jikoni na ukingo wa kibanja, shamba letu la migomba, kama mtu anayemsubiri mgeni aliyechelewa. Bibi yangu, Ma Ephrasia, alimwambia akae ale kama mtu aliyelelewa. Alikaa. Ndizi hazijapoa, ameshainuka tena, anauliza kama barabara ya Kamachumu inapitika baada ya mvua zile.

Alikuwa mdogo wa baba yangu, Byabato, na katika nyumba yao ndiye aliyesomeshwa. Masista walimchukua bweni akiwa mdogo, wakamrudisha anajua Kiingereza, hesabu na kushona. Uhuru ulimkuta shuleni. Aliniambia kwamba hotuba za siku ile zilishamtoka kichwani. Anachokumbuka ni wakubwa wakiulizana nani atafanya kazi za Wazungu wakishaondoka. Swali hilo lilimwingia. Alifundisha shule ya msingi, akaacha. Akawa karani wa ushirika wa kahawa, akaacha. Akaenda Dar es Salaam kusomea mambo ya utumishi, akarudi na cheti chake na viatu ambavyo bibi alivitazama kwa mashaka. Wachumba wawili walileta wazee nyumbani kwa nyakati tofauti. Hakumkataa hata mmoja. Ila kila wazee walipofika, yeye alikuwa ameshahamia kwingine.

Mengi ninayoyasimulia hapa aliniambia mwenyewe alipokuwa amestaafu, tukimenya ndizi mimi na yeye nyuma ya nyumba. Machache niliyaona kwa macho yangu, maana siku ile kubwa nilikuwapo kando ya barabara, nimeketi juu ya mzigo wetu.

Mwaka 1972 madaraka yalihamishiwa mikoani. Mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, na ghafla mambo yaliyokuwa yakiamuliwa Dar es Salaam yakawa yanaamuliwa Bukoba. Ndipo ulipoanzishwa Mradi wa Usafiri Vijijini. Ofisi yake ilikuwa nyumba ya zamani karibu na ziwa, mkuu wake Ndugu Mwijage, mtu mnene, mpole, mwenye kuogopa simu. Mradi ulikuwa na malori yake ya Bedford, ulichonga barabara, ulijenga madaraja ya miti na saruji. Mwaka wa kwanza kazi alipewa yeyote aliyejitokeza. Daraja moja likachukuliwa na mvua za vuli. Lori likapoteza gurudumu likiwa na magunia ya kahawa, utingo akavunjika nyonga. Baada ya hapo ikatoka amri: kila gari la mradi lipitishwe na mhandisi wa magari aliyesajiliwa, na kila jengo lijengwe na mkandarasi mwenye leseni. Mradi ukamwajiri Felicitas ili awatafute watu hao.

Hawakuwapo. Waingereza walikuwa wamekwenda zao. Wahindi waliokuwa na magereji na kampuni za ujenzi walikuwa wanafunga maduka, familia moja baada ya nyingine, tangu majumba yao yalipotaifishwa. Vijana wetu wachache waliosomea uhandisi walikuwa wanashikwa na mashirika ya Dar hata kabla hawajashuka kwenye ndege. Felicitas alitangaza gazetini. Walijibu watu wengi wenye hamu ya kazi na hakuna mwenye leseni.

Basi akaanza kuwafuata. Alianza na mkandarasi, Bashiri, ambaye babu yake alikuja Bukoba na bidhaa na yeye akazaliwa hapohapo, akaongea Kihaya vizuri kuliko makarani wengi. Leseni yake ilikuwa hai. Lakini ndugu zake wote walikuwa wameshahamia Kanada, na sebuleni kwake masanduku yalikuwa yamefungwa kamba. Felicitas alimwendea uani kwake asubuhi, akarudi jioni, akaenda tena kesho yake. Alimweleza kwamba mradi unataka karakana kubwa Muleba, ili malori yasiendelee kuburutwa hadi Bukoba au kupakiwa kwenye meli kwenda kutengenezwa Mwanza. Bashiri alimwambia hajengi tena, amechoka. Shangazi akasema sawa, akabaki amesimama palepale akitazama kokoto zake. Siku moja Bashiri akamuuliza kama hana mahali pengine pa kusimama.

"Ninapo," alisema shangazi. "Lakini huko hakuna mkandarasi."

Bashiri aliijenga karakana ile. Aliijenga vizuri, na shimo la kukagulia magari akalitia saruji ngumu na ngazi pande zote mbili. Masanduku hakuyafungua.

Mhandisi, Felicitas alimfuata Mwanza. Alisikia habari zake kwa padri mmoja: Mujuni, mwana wa mwalimu wa Kilutheri wa Maruku, aliyesomea magari Ujerumani Mashariki na sasa anasimamia malori ya kampuni ya pamba. Felicitas akapanda meli. Alimkuta uani, amevaa koti la bluu, anapangusa mikono kwa pamba chafu, anamsikiliza dereva bila kumtazama. Alikuwa mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Shangazi alisema kilichomvutia kwanza ni kwamba alimjibu dereva yule "hapana" kwa sauti ileile ambayo mtu mwingine angesema "karibu".

Alimweleza kazi. Mujuni akasikiliza, kisha akasema kwamba nyumbani hapendi kufanya kazi, ndugu ni wengi mno. Leo binamu ana gari bovu anataka lipitishwe, kesho shemeji. Shangazi akamwambia kwamba ndugu zake wengi hawana magari, hawatamsumbua. Mujuni akatabasamu kidogo. Akafikiri muda mrefu, na huko bandarini meli ilikuwa inapakia, na Felicitas miguu ilikuwa inamuwasha.

"Nikisema gari halitoki, halitoki," Mujuni akasema. "Hata akija huyo mkuu wako. Hata ukija wewe."

"Hata nikija mimi," alisema shangazi.

Aliniambia kwamba aliahidi upesi kwa sababu alitaka kuwahi meli. Mwijage naye, alipoelezwa sharti hilo, alicheka na kusema huyo ndiye mhandisi hasa.

Mujuni alifika Muleba mwanzoni mwa mwaka 1974, na kwa miezi michache mambo yakaenda. Malori yakaacha kulala porini. Shangazi akapata pikipiki ya mradi, akawa anaonekana leo Bukoba, kesho Rubya, keshokutwa Biharamulo akitafuta wapimaji wa barabara. Watu walimzoea: mwanamke mwenye kitambaa kichwani, vumbi hadi kwenye nyusi, asiyekubali hata kutafuna punje za kahawa za kukaribishwa mpaka ameuliza alichokuja kuuliza.

Kisha ikaja habari ya vijiji. Kwetu hatukuhamishwa wote kama mikoa mingine, maana migomba haihamishiki na nyumba zetu tayari zilikuwa zimebanana. Lakini wale wenye vibanja vidogo walitakiwa kwenda kuanzisha kijiji kipya cha ujamaa kule mbugani, chini ya Kishanda, ambako ardhi ilikuwa tupu. Baba yangu alijiandikisha kwa hiari. Kibanja chake kilikuwa kipande tu cha kile cha babu, migomba michache na mibuni inayohesabika, na sisi watoto tulikuwa tunaongezeka. Alikwenda kuitazama mbuga mara mbili kwa miguu. Alirudi anaongea kama kijana. Alisema kando ya kijito udongo ni mweusi, unashika mguu, na watakaofika kwanza ndio watakaochagua.

Alijiandaa kwa haraka yake yote. Aliuza mbuzi. Migomba akamwachia binamu yake. Na kwa kuwa alikuwa amehangaika miaka mingi kupata mabati, aliyang'oa juu ya nyumba yetu, bati baada ya bati, akayafunga pamoja ili ayaezeke upya kule. Mama alisimama ndani ya nyumba yake mwenyewe, akatazama juu na kuona mawingu.  Tulihamia kwa Ma Ephrasia kungojea lori.

Malori yaliyopangwa yalikuwa matano. Mkoa ulitaka watu wote wawe wamefika mbugani kabla ya Sabasaba, ili sikukuu ya chama ifanyikie kijijini kwao. Mujuni aliyaingiza malori shimoni moja baada ya jingine. Mawili akayapitisha, nayo yakapelekwa upande wa pili wa wilaya, kuwabeba watu wa huko waliokuwa wanahamia mbuga hiyohiyo. Matatu akayakataa. Breki zilikuwa mbovu, na vipuri vyake havikuwapo Muleba wala Bukoba. Vilikuwa vimeagizwa Mwanza. Na barabara ya kwenda mbugani inashuka mlima mrefu wenye kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa.

Mwijage alikwenda Muleba mwenyewe kumsihi. Alimwambia Mujuni kwamba malori yale yamekuwa yakitembea miaka yote. Mujuni akamjibu kwamba yalikuwa yanabeba kahawa. Mwijage akasema madereva ni wazoefu, watashuka kwa gia ndogo. Mujuni akasema hapana kwa sauti yake ileile, kisha akaingia chini ya gari jingine.

Simu zikawa zinalia ofisini Bukoba. Mwijage alimwita shangazi akiwa amejaa jasho.

"Ndugu Felicitas, wewe ndiye uliyemleta," alisema. "Amri haisemi Mujuni. Inasema mhandisi aliyesajiliwa. Nitafutie mwingine."

Hapa shangazi alipokuwa akisimulia alikuwa anaacha kumenya, kisu kinabaki hewani. Alisema hakufikiri. Aliambiwa tafuta, akatafuta. Ndivyo alivyokuwa: ukimpa mtu wa kutafutwa, miguu yake ilitangulia. Kutwa nzima alizunguka mjini Bukoba, akauliza kanisani, sokoni, bandarini, na mwishowe fundi mmoja wa cherehani akamwambia kwamba Maruku yupo mzee aliyekuwa mhandisi wa magari wa kampuni moja Uganda, amestaafu, na kila mwaka huwa anaipeleka leseni yake Dar kuongezewa muda kwa sababu anaipenda.

Alikuwa Mzee Privatus. Shangazi alimkuta kesho yake kwenye kahawa yake, anaipogoa. Alikuwa mzee safi, mchangamfu, mwenye masikitiko ya kukaa bila kuitwa na mtu. Aliposikia kwamba mradi wa mkoa unamhitaji siku hiyohiyo, aliingia ndani, akachelewa, akatoka amevaa suti nyeusi na tai. Mkewe akamfuta vumbi mabegani. Dereva wa Landrova ya mradi, Muharami, akamfungulia mlango wa mbele.

Njia nzima mzee alikuwa akisimulia Kampala ya zamani. Shangazi alikaa nyuma, akijibu "ndiyo, mzee", akitazama saa. Alikuwa na furaha, aliniambia. Furaha ya mtu aliyekamilisha. Alishaona jinsi Mwijage atakavyopumua.

Walipofika Kagoma alimwambia Muharami asimame, maana alituona.

Tulikuwa kando ya barabara tangu jana yake, sisi na familia nyingine kutoka ng'ambo ya bonde. Mizigo ilikuwa imepangwa kwenye majani: vyungu, majembe, mikeka, mabati ya baba, kuku kwenye tenga. Mama alikuwa amempakata mtoto. Mimi niliketi juu ya magodoro nikiona mbali kuliko wote. Baba alikwenda kwenye gari akicheka, akaweka mkono juu ya mlango.

"Umemleta mtu wa kutupitisha?" akamuuliza dada yake.

"Huyu hapa," alisema shangazi.

Baba akamwamkia Mzee Privatus kwa heshima zote za kwetu, "waitu" juu ya "waitu", akamshukuru kama mtu anayeshukuru kwa ng'ombe. Mzee akampungia mkono. Baba akasema basi Sabasaba itatukuta kando ya kijito. Gari likaondoka.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba shangazi aliniona juu ya yale magodoro, na kwamba ni mimi niliyembadilisha moyo. Nilimuuliza. Alifikiri, akasema hakuniona. Aliuona mkono wa baba juu ya mlango wa gari, umechubuliwa na misumari ya mabati. Basi.

Hawakuwa wamefika mbali alipomuuliza mzee kitu ambacho hakuwa amemuuliza tangu Maruku: akifika, atayakagua malori kwa muda gani kabla ya kusaini?

Mzee Privatus aligeuka nyuma, akamtazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote.

"Binti yangu, nimeitwa kupitisha," alisema. "Ningeitwa kukagua, ningekuja na nguo za kazi."

 Waliipita kona, wakaipita shule, wakaanza kuona mabati mapya ya karakana ya Muleba juu ya kilima.  Kisha shangazi akamwambia Muharami ageuze gari.

Muharami alidhani amesikia vibaya. Shangazi akarudia. Mzee akauliza kama kuna kitu kimesahauliwa. Shangazi akamwambia, kwa adabu yote aliyofundishwa, kwamba kazi imeahirishwa na watamrudisha nyumbani, na kwamba anamwomba radhi kwa usumbufu na kwa suti aliyoivaa. Mzee aliumia. Hakusimulia tena Kampala.

Sisi tuliiona Landrova ikirudi. Baba alikuwa wa kwanza kuinuka. Aliingia barabarani na kunyoosha mkono, kama mtu anayesimamisha basi lake. Gari halikusimama. Nilimwona shangazi dirishani, ameinamisha kichwa. Baba alikimbia nyuma yake kidogo ndani ya vumbi, akasimama, akabaki pale mpaka vumbi likatua juu yake. Kisha akarudi akaketi juu ya mabati.

Kwa nini hukusimama, nilimuuliza shangazi. Akasema angesimama, asingeondoka. Baba angemwomba, naye angegeuza tena.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mwijage, akamwambia kwamba mhandisi mwingine hakupatikana. Halafu, kwa kuwa uongo ulimkaa vibaya mdomoni, akamwambia kwamba alipatikana na amemrudisha. Mwijage hakupiga kelele. Alikaa chini, akauliza sasa yeye aseme nini simu ikilia. 

Tulirudi kwa bibi na mizigo yetu. Nyumba yetu ilikuwa pale ng'ambo ya migomba, kuta tupu bila paa, na sisi watoto tulicheza ndani yake mchana kama ni uwanja. Baba hakuingia hata mara moja. Sabasaba ilipita. Vipuri vilikuja na meli mwezi uliofuata, Mujuni akayafungua magurudumu, akayarudisha, akayajaribu malori kwenye mlima yeye mwenyewe yakiwa na mawe ndani badala ya watu, kisha akayaachia. Tulishuka mbugani salama. Mama alifumba macho njia nzima.

Lakini wale wa upande wa pili walikuwa wameshafika, na kando ya kijito palikuwa pamejaa. Baba alipewa kipande mwishoni kabisa, chenye mawe na nyasi ngumu, maji mbali. Alilima hivyohivyo. Mwaka ule tulikula mihogo ya watu wengine. Akitajiwa dada yake alisema tu kwamba huyo ni mtu wa serikali, ana mambo mengi.

Shangazi naye hakupata usingizi. Kitu kimoja kilimsumbua: malori yangeanguka au yasingeanguka? Alimwendea Mujuni karakanani na kumuuliza. Mujuni akamwonyesha vipande vya breki vilivyotolewa, vimelika, kimoja na ufa unaoonekana. Shangazi akasema anaona, lakini anauliza kama yangeanguka.

"Huenda yangefika," alisema Mujuni.

"Yote?"

"Huenda yote."

Shangazi alimkasirikia sana. Alimwambia kwamba kaka yake amepoteza ardhi nzuri kwa sababu ya hiyo "huenda", na kwamba yeye mwenyewe amejigombanisha na nyumba nzima, na kwamba mtu aliyesoma Ulaya angeweza angalau kumpa jibu. Mujuni alimsikiliza kama alivyowasikiliza madereva. Akasema kazi yake haikuwa kutabiri. Akasema pia kwamba anasikitika kwa ajili ya kaka yake. Shangazi aliondoka bila kuaga na akazunguka na pikipiki mpaka mafuta yakamwishia.

Hakuna aliyewahi kumwambia asante. Nani angemshukuru kwa ajali ambayo haikutokea? Ofisini alionekana mtu wa kuleta watu wagumu. Mwijage hakumfukuza Mujuni, maana asingepata mwingine. Alimhamisha Felicitas, akaenda kwenye tawi la mradi Biharamulo, mbali na simu. Katika majuma hayohayo Bashiri naye aliondoka. Shangazi alimsindikiza. Alimwomba msamaha, hakujua hasa kwa lipi. Bashiri akasema hakuna aliyemfukuza wala hakuna aliyemwambia abaki. Aliombwa ajenge, akajenga. Akampa mkono na kupanda meli.

Biharamulo alikaa kwa miaka. Alikuwa akija Kagoma kwa Krismasi, na mara mbili tatu alipomkuta baba amepanda kutoka mbugani kumsalimu mama yake, baba alikumbuka ghafla jambo kwa jirani. Ma Ephrasia aliwaona, akaugua moyoni.

Ndipo akaugua kweli. Ilikuwa mwaka 1977, wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, na homa ilimlaza bibi hata akaanza kuwaita marehemu. Aliwaita pia watoto wake, wote wawili kwa pamoja. Baba hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe Biharamulo, sehemu kwa miguu na sehemu kwa basi, akamkuta dada yake ofisini.

Alisema alifika wakati mbaya. Ndani palikuwa na mtu mwenye shati jeupe aliyetaka kupewa ujenzi wa kalvati, akataja jina la mkubwa fulani ambaye ni mjomba wake. Mlango ulikuwa wazi. Baba alikaa kwenye benchi la nje na kusikia yote. Shangazi alimuuliza leseni yake. Mtu yule akataja tena mjomba. Shangazi akauliza tena leseni. Sauti yake ilikuwa imechoka, baba alisema, lakini haikupanda. Mtu alipotoka aliupiga mlango, na baba akaona kupitia mlango uliorudi kufunguka dada yake amefunika uso kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda. Hakuwa amewahi kumfikiria hivyo, kama mtu anayefanya kazi nzito.

Aliingia akamwambia habari ya mama yao, "Mae anatuita." Shangazi akachukua mkoba.

Kwenye basi walikaa kiti kimoja. Mpaka Kyamyorwa shangazi alikuwa anafungua mkoba na kuufunga. Hatimaye baba, akitazama nje, akamwambia kwamba lile eneo lake la mawe limeanza kutoa maharage. Si mazuri. Lakini yanatoa.

"Nimesikia," alisema shangazi.

"Ningekuwa na lile la kijito, ningekuwa mbali."

"Najua, kaka."

Baba akasema bado anaona alimkosea; angesimama, hata kumwambia tu. Shangazi akasema ni kweli, angesimama. Hilo alilikubali lote, bila kulifunga na jingine. Kuhusu malori baba hakuuliza, na yeye hakusema. Muleba kwenye kituo baba alishuka akanunua senene waliokaangwa, akampa karatasi nzima, wakala pamoja mpaka Kagoma.

Bibi hakufa mara ile. Homa ilishuka siku ya pili, naye akawakuta wanawe wawili wamelala kwenye mkeka mmoja chini, kando ya kitanda chake, kama walivyokuwa utotoni, akawaamsha ili wakalete kuni. Shangazi alikusudia kubaki wiki nzima. Jumapili baada ya misa alianza kutembea uani, na baba akamuuliza kuna nini. Akasema Jumanne anakuja Biharamulo mtu kutoka Tabora, mhandisi wa magari, leseni anayo, na asipomkuta mwenyeji ataendelea na safari yake hadi Mwanza.

Baba akavaa viatu akamsindikiza hadi barabarani.